Nyumba Ikiwa Nzito: Namna ya Kuizingua kwa Chumvi, Ndimu na Ubani

Huku Kigoma mtu akisema nyumba yake imekuwa nzito, hakuna anayemuuliza ina kilo ngapi. Anaeleweka. Usingizi haushiki, watoto wanalialia bila homa, mke na mume wanagombania hata kijiko, hela inaingia na kuyeyuka. Mmoja atasema ni husuda, mwingine atasema mpangaji aliyetangulia kaacha mambo yake, na wa tatu atasema mmechoka tu, nendeni mkalale. Hapa sitaamua nani yuko sahihi. Nitaeleza kazi ya kuizingua, yaani kuiondolea uzito huo, inavyofanywa, kwa vitu ambavyo vingi tayari unavyo jikoni, na ambayo unaweza kuimaliza kati ya asubuhi na magharibi bila kumlipa mtu, ukiacha chumvi kavu ya kwenye kona inayofagiliwa kesho yake.

Ila jambo moja nalishikilia tangu mwanzo: zinguo la nyumba halihitaji adui. Ukianza kwa kumtafuta aliyekuroga, chumvi yote ya Uvinza haitakusaidia.

Vya kuandaa

Chumvi ya mawe, vikombe viwili. Ndimu saba au nane, na zikiadimika malimau yanatosha. Ubani, kijiko kimoja cha chakula. Sokoni huuzwa kwenye vifuko vidogo na kimoja kinatosha nyumba ya vyumba vitatu. Makaa matano au sita yenye ukubwa wa yai. Majivu ya kuni yaliyochekechwa, ufagio wa chelewa, ndoo mbili, matambara. Ukiwa na mrehani uani, chuma kishada. Karafuu chache si lazima, lakini zinanukia.

Chetezo kama huna, usikimbilie kununua. Chukua sufuria kuukuu au kigae cha chungu kilichovunjika, tia mchanga mkavu kina cha vidole vitatu, makaa yakae juu ya mchanga. Mchanga ndio unaozuia chombo kisikuunguze mkono wala kisitoboe mkeka.

Kuhusu chumvi, ya dukani yenye madini joto inafaa pia. Mimi napenda ile ya chembe kubwa kwa sababu inafagilika kirahisi, na kwa sababu huku tuna chumvi yetu. Pale Uvinza, karibu na mto Malagarasi, maji ya chumvi hutoka ardhini yenyewe, na wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Misafara ya karne ya 19 kati ya Tabora na Ujiji ilikuwa ikiinunua njiani, ikaibeba mbali. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, Uvinza ikawa kituo cha treni. Kwa hiyo chumvi ya kuzinguia nyumba mtu wa Kigoma haagizi kwa mtu. Kuna vijana wananiuliza habari za yale majani makavu yaliyofungwa kishada ambayo wanayaona kwenye video za Wamarekani. Yale ni majani ya kichaka cha huko California, yana wenyewe na ibada zao. Ubani uliokuja Ujiji na misafara unatutosha.

Hatua ya kwanza: ufagio

Anza asubuhi. Wazee hawafagii usiku, wanasema unafukuza riziki, na hata asiyeamini anajua kwamba gizani utafagia shilingi na sindano pamoja.

Toa nje kila kinachobebeka: magodoro, mikeka, masanduku, nguo za kwenye kamba. Godoro lipige jua mpaka alasiri, na uligeuze. Kisha anza chumba cha ndani kabisa, juu kwenda chini. Tandabui za darini kwanza, kuta, nyuma ya kabati, uvungu wa kitanda, sakafu mwisho. Vumbi lote lielekee mlango mmoja, ule wa mbele au wa uani, lakini usilitoe nusu huku nusu kule. Wakati wa kufagia ndipo watu wa zamani walipokuwa wakisema maneno yao, kwa sauti ya kawaida tu: magonjwa toka, ugomvi toka, njaa toka. Hakuna fomula. Sema lililokuelemea.

Hapa ndipo utakapokutana na vya watu. Soksi za mpangaji wa zamani, kioo kilichopasuka, dawa zilizoisha muda, simu mbovu tatu. Tupa. Nguo za marehemu ambazo familia imeshindwa kuzigawa, kaeni mzigawe wiki hii, kwa sababu nyingi ya nyumba nilizoona zikiitwa nzito zilikuwa na sanduku la namna hiyo ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa.

Na huenda ukapapasa juu ya fremu ya mlango ukakuta kitu kimeshonwa kwenye kitambaa cheusi, kidogo, bapa, kimeingia vumbi na utando wa moshi. Usipige yowe. Mara nyingi ni hirizi ya mtu aliyekuwa akijilinda yeye na watoto wake, na ndani yake kuna karatasi yenye aya. Usiifumue, usiitupe chooni. Ipeleke kwa imamu wa msikiti wa jirani au ifukie mahali safi pasipokanyagwa. Ukikuta vitu usivyovitambua kabisa, mizizi au vifuko vya unga, vaa mfuko wa nailoni mkononi, vitoe, vifukie, unawe kwa sabuni. Usionje, usinuse, na usivipige picha kuwarushia watu kwenye kundi la mtaa.

Hatua ya pili: majivu, halafu ndimu

Nusu ya uzito wa nyumba za huku ni migebuka, dagaa na mawese. Natania, ila kidogo tu. Nyumba inayokaangiwa ndani kila siku hujenga utando wa mafuta ukutani, moshi unanasa hapo, harufu ya samaki inanasa kwenye moshi. Mtu akiingia kutoka nje anahisi kifua kimebanwa, anasema kuna kitu. Kweli kipo.

Majivu yanakata mafuta. Yachanganye na maji kidogo yawe uji mzito, sugua kuta za jikoni, kizingiti, miguu ya meza, mpini wa mlango, suuza. Acha pakauke. Baada ya hapo ndipo inapoingia ndimu: kamua nne kwenye ndoo ya maji, tumbukiza na maganda yake, pitisha tambara kila mahali palipokuwa na samaki. Harufu ya samaki inatokana na vitu vyenye asili ya magadi, na uchachu wa ndimu unaviua nguvu. Ndiyo maana tunanawa ndimu baada ya kula mgebuka. Usitie majivu na ndimu kwenye ndoo moja, vinauana na utabaki na maji machafu yasiyofanya kazi yoyote.

Onyo hapa si la kimila. Dawa ya kung'arisha nguo, ile yenye klorini, usiichanganye na ndimu wala siki, na usimwage moja juu ya nyingine sakafuni. Hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kukuangusha. Kama umetumia dawa hiyo, suuza kwa maji mengi, na ndimu iache mpaka siku nyingine.

Hatua ya tatu: chumvi

Kuna njia mbili na watu wanabishana ipi ina nguvu. Ya kwanza ni maji ya chumvi: kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji, unapiga deki kutoka chumba cha ndani hadi kizingitini. Ya pili ni chumvi kavu: kiganja kimoja katika kila kona ya chumba, inalala hapo usiku mzima, asubuhi inafagiliwa yote.

Mimi nachagua kavu, na sababu yangu ni ya kifundi. Maji ya chumvi yanatafuna chuma. Ukipiga deki nayo kila wiki, miguu ya kitanda cha chuma inaoza, geti linashika kutu, na kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka maji yanafuata nondo ndani. Nyumba za udongo nazo hazipendi kuloweshwa. Ukitaka ya maji, fanya mara moja na usuuze.

Kipindi cha mvua chumvi ya kwenye kona huamka imelowa, pengine imeacha kijidimbwi. Wazee husema imevuta. Ni sawa, imevuta: chumvi hunyonya unyevu wa hewani. Kona inayolowesha chumvi kuliko nyingine zote, hata wakati wa kiangazi, ichunguze ukuta wake kwa nje. Huenda bati linavuja au maji ya bafu la jirani yanapenya, na unyevu huo ndio unaoleta ukungu na kikohozi cha mtoto.

Iliyotumika usiirudishe jikoni. Usiimwage kwenye bustani, inaua mimea. Mchicha wako utakauka na utasema umelogwa upya. Mahali pake ni shimo la choo. Wengine hupeleka njia panda. Sikushauri, kwa sababu jirani akikuta chumvi na ndimu njia panda alfajiri, umemhamishia yeye uzito uliotaka kuutoa kwako.

Wakristo wanaoona chumvi kama mambo ya kipagani wakumbuke Elisha katika Wafalme wa Pili sura ya 2, alivyotia chumvi kwenye chemchemi ya maji ya Yeriko yakapona. Wakatoliki nao wana chumvi ya kubarikiwa na padri. Masheikh wengi kwa upande wao watakuambia chumvi haina uwezo wowote yenyewe, na ukiutegemea uwezo wake umeingia kwenye shirki. Kama hilo linakusumbua, deki sakafu kama unavyodeki siku zote na uweke nguvu kwenye kisomo.

Hatua ya nne: moshi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka.

Ifanye alasiri inapoelekea jioni. Waislamu wengi huchagua Alhamisi, kwa kuwa usiku wake ni wa Ijumaa. Washa makaa uani, kamwe si ndani. Makaa ya miti ya miombo yanayotoka upande wa Tabora yana moto mkali na yanadumu, lakini yakiwa bado na weusi hutoa moshi wake mchungu utakaoufunika ubani. Subiri mpaka yavae jivu jeupe juu na wekundu ubaki ndani. Hapo yahamishie kwenye chetezo chenye mchanga.

Weka punje mbili za ubani, ukubwa wa punje ya mahindi. Angalia kitakachotokea: zinalainika kwanza, zinameta, zinachemka pembeni, kisha moshi mweupe unasimama wima kabla ya kutawanyika. Huo ndio moshi unaoutaka. Zikidaka moto na kutoa weusi, makaa ni makali mno. Nyunyizia jivu kidogo juu yake. Ubani ni utomvu wa mti wa nchi kavu za Somalia na Uarabuni, hivyo unayeyuka kabla ya kuungua. Udi ni vipande vya mti na una tabia nyingine, unafuka taratibu. Huo ni wa kunukisha nguo na chumba cha wageni, na bei yake inajulikana. Mvuje ni wa wale wanaoamini kuna jini. Unanuka vibaya kwa makusudi, na harufu yake itakaa kwenye mapazia siku nyingi, kwa hiyo fikiri kabla ya kuuingiza kwenye nyumba ya kupanga.

Madirisha yawe wazi na milango ya vyumba wazi. Najua wako wanaofundisha kufunga kila kitu ili moshi ushike. Usifanye hivyo. Makaa yanayowaka hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu waliolala, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani. Moshi wa ubani haukulindi na hewa hiyo. Mtoto mchanga, mjamzito na mwenye pumu wakae nje kwenye baraza mpaka umalize.

Zunguka kwa utaratibu uleule wa ufagio: chumba cha ndani kwanza. Kila kona, simama pumzi tatu. Fungua kabati, uingize moshi kati ya nguo kwa mbali, usiguse kitambaa. Uvungu wa kitanda. Nyuma ya mlango, ambako watu husahau. Stoo. Jikoni. Ukimaliza chumba, ongeza punje moja. Mwisho kizingiti cha mlango mkubwa, na hapo kaa kidogo zaidi kwa sababu kila kitu hupitia hapo.

Maneno ni ya kwako. Waislamu husoma Ayatul Kursi, na mwenye nafasi husoma Suratul Baqara yote; ipo hadithi katika Sahihi Muslim kwamba shetani huikimbia nyumba inayosomwa sura hiyo. Wakristo wengi hushika Zaburi ya 91. Kwa Wanyamwezi wa Tabora wanaoshika ya kwao, mizimu ya wazee huambiwa mambo ya nyumba na kupewa unga wa nafaka na maji au pombe, na mwenye nyumba hutaja majina ya waliomtangulia. Asiye na dini wala mizimu aseme tu kile anachotaka kianze katika nyumba hiyo, tena kwa sauti, mwenzake akisikia. Nimeona ndoa zikipata nafuu hapo hapo kwenye kona ya chumba, mume anasikia kwa mara ya kwanza mkewe anaogopa nini.

Makaa yakiisha kazi yamwagie maji uani. Usiyaweke kwenye ndoo ya plastiki wala kwenye taka kavu. Yanaonekana yamekufa na saa moja baadaye yanafufuka.

Hatua ya tano: maji ya kunyunyizia

Hii ni fupi. Maji safi kwenye bakuli, kishada cha mrehani, na kama una marashi ya waridi, matone machache. Chovya kishada, nyunyizia kizingiti, madirisha, na matandiko yaliyotoka juani. Wakatoliki watatumia maji ya baraka. Si maji ya kunywa, na bakuli lisiachwe wazi usiku kukusanya mbu.

Rudisha vitu ndani, pika kitu kizuri, kuleni pamoja. Magharibi ikiingia funga milango na madirisha, kama bibi zetu walivyosisitiza. Wao walisema ni saa ya mashetani. Mbu wa malaria nao huanza kazi jioni hiyo hiyo.

Mtu akitaka kukuitia mtaalamu

Atatokea, jirani au shemeji, akwambie kazi yako ni ya kitoto, inatakiwa kuitwa kamchape au lambalamba, watu wanaozunguka vijijini mkoani kwetu wakidai kufichua wachawi. Kataa kwa adabu. Hao wanaingia nyumba za watu, wanafukua, wanatoa kitu walichokuja nacho mfukoni, wananyoosha kidole kwa bibi fulani, na mara nyingi ni mjane mwenye macho mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni. Sheria ya Uchawi tuliyonayo tangu mwaka 1928 inamtia hatiani anayemtaja mtu kuwa mchawi nje ya taratibu za kisheria, na wewe uliyewaita umo.

Mganga wa tiba asili ni jambo tofauti; kuna sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala inayotaka asajiliwe, na una haki ya kumuomba akuonyeshe cheti. Akikuagiza ulete kipande cha ngozi ya chui, mkia au jino la mnyama wa porini, ondoka. Hizo ni nyara za serikali, na atakayefungwa ni atakayekutwa nazo.

Na kama uzito una dalili za mwili, homa, kupungua uzito, kukosa usingizi wiki kwa wiki, kusikia sauti, nenda hospitali kabla ya kununua ubani. Hata aliyekupiga wewe ndani ya nyumba hatolewi kwa moshi. Huyo anapelekwa kwenye dawati la jinsia polisi.

Dukani

Wafanyabiashara wa Kibirizi na wa sokoni Ujiji huuliza zaidi habari za chuma ulete, ule uchawi unaosemekana kuvuta hela za dukani, kuliko za nyumba. Utaratibu ni uleule, kwa ufupi: fagia kabla ya wateja, pangusa kaunta na droo ya hela kwa maji ya ndimu, punje moja ya ubani mlangoni asubuhi. Wengine huacha ndimu nzima kwenye droo. Ibadilishe ikianza kunyauka maana ikioza inalowanisha noti. Wahindi nao hutundika mlangoni ndimu na pilipili mbichi kwenye uzi, na wenye maduka wa huku wamewaiga.

Lakini siku hiyo hiyo funga hesabu. Andika kilichouzwa, kilichokopwa, na kilichochukuliwa na mwenye duka mwenyewe kwa ajili ya mboga ya nyumbani, kisha hesabu droo jioni kwa wiki mbili mfululizo. Pengo likijitokeza siku zile tu ambazo kijana fulani amekaa kaunta, ubani umeshamaliza kazi yake na yanayobaki ni mazungumzo kati yako na huyo kijana.